Inchi Mbili na Nusu za Mama Futi

Kwanza lieleweke hili: nguo ile sikuikata vibaya. Nina miaka ishirini na mbili mezani na mkasi mkononi. Nimekata sare za wauguzi, za wanafunzi, za walinzi wenye vitambi na wasio navyo, na hajatokea mtu akaniambia nimemkosea hata robo inchi. Wenzangu wananiita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi tu, wanasema ulimi wangu nao unakata. Basi siku ile Mama Futi aliposimama mbele ya kioo, akaliangalia pindo la nguo yake likifagia sakafu, akaniambia mbele ya watu, "Mkasi, umekata vibaya," niliona ameniumbua.

Mama Futi ndiye mwenye karakana. Ameitwa hivyo kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, na mwanawe wa mwisho huapa kwamba alinyonyeshwa huku futi ikimpiga puani. Alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, akaanza na cherehani moja ya kuazima kwenye ukumbi wa jirani. Leo ana chumba kikubwa chenye madirisha mawili, cherehani nne, meza ya kukatia ndefu kuliko kitanda, na maagizo ya sare kutoka shule tatu na hospitali moja. Wanawe wamesoma kwa pindo na vifungo. Binti yake wa mwisho alikuwa anahitimu ualimu, na nguo ile ilikuwa ya kwenda kwenye mahafali.

Tuko wanne pale. Yeye, mimi, Dada Vifungo ambaye jina lake linajieleza, na Overloki, tuliyempa jina la mashine yake kwa kuwa yeye na mashine wakianza kelele hujui nani atanyamaza kwanza. Wote tumeshapita hamsini. Mama Futi ana hamsini na tisa, mimi ndiye mdogo, nina hamsini na mbili.

Kuna sheria moja aliyotufundisha kwa ukali: mteja apimwe kila anapokuja, hata kama alikuja jana. "Mwili si meza," husema. Kwenye mwimo wa mlango kuna alama za inchi zilizochorwa kwa kalamu ya risasi tangu chini hadi juu, ili watoto wa shule wapimwe kimo upesi wakiwa kwenye foleni. Lakini sisi wenyewe hatupimwi. Kila mmoja ana karatasi yake ya kahawia, imekatwa kwa umbo lake, imeandikwa kimo chake, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ya Mama Futi aliikata mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, mwanawe alipooa. Siku za kazi wote tunavaa makoti mapana ya kazi, na ukiwa ndani ya koti lile hata ukipungua nusu yako hakuna atakayejua.

Nilichukua karatasi ile, nikaitandaza juu ya kitambaa cha samawati, nikakata. Basi.

"Nimekata kama karatasi inavyosema," nilimwambia.

"Karatasi haisemi uniburuze sakafuni kama ufagio."

Overloki akacheka. Dada Vifungo akainamia sindano yake akajifanya haoni wala hasikii. Damu ilinichemka. Nilimvua ile nguo palepale, nikailaza juu ya karatasi yake, bega kwa bega, pindo kwa pindo. Zilikuwa sawasawa, hata uzi haukupita.

"Haya," nikasema. "Nani kakosea?"

Akatazama. Akapitisha kidole kwenye ukingo wote. Kisha akasema neno ambalo kama lingetoka kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelimfukuza. "Basi karatasi imetanuka. Mvua za mwaka huu, unyevu."

"Dada, karatasi haitanuki inchi mbili."

"Imetanuka!"

"Vaa tena," nikamwambia.

Akavaa. Safari hii sikutazama pindo tu. Nilimtazama yote, kama ninavyomtazama mteja mgeni, na hapo ndipo hasira zilipoanza kunitoka na kitu kingine kikaingia. Mbele nguo ilikuwa inaburuta, nyuma ilikuwa imepanda mpaka mashavu ya miguu yanaonekana. Kola ilikaa mbali na shingo. Chini ya shingo kitambaa kilivutika. Ninaijua nguo inayokaa hivyo. Nimewakatia vikongwe wengi, unaongeza mgongoni, unapunguza mbele, wala huwaambii kwa nini. Hiyo ni nguo ya mtu mwenye kibiongo.

Nilimshika mkono nikampeleka mlangoni, nikamwambia avue viatu asimame mgongo kwenye mwimo, kama watoto. Alidhani namfanyia mzaha. Nikaweka rula kichwani pake, nikasoma. Nikasoma tena. Nikamwita Overloki naye asome, maana sikuyaamini macho yangu.

"Sitini na moja na nusu," Overloki akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ya chini.

Kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Mama Futi mwenyewe, imeandikwa: kimo, inchi sitini na nne.

Mtu mzima huwa mnene, huwa mwembamba, huota mvi, hayo tumeyazoea. Lakini inchi mbili na nusu za mtu zimekwenda wapi? Tumekaa naye chumba kimoja kila siku, tunakula pamoja, tunagombana pamoja, na alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, sisi ambao kazi yetu ni kupima watu.

Mama Futi akavaa viatu vyake. "Haiwezekani," alisema. "Mimi nakunywa vidonge vya mifupa."

Ili umwelewe, lazima nikuambie habari za mama yake. Alikuwa mwanamke wa shoka, mbeba mizigo, asiyejua homa. Siku moja aliteleza bafuni, kuanguka kwa kawaida tu kwa mtu aliyekanyaga sabuni, nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena. Alilala kitandani miezi saba, Mama Futi akimgeuza asubuhi na jioni, mpaka akafa. Tangu hapo jambo moja tu lilikuwa likimtisha Mama Futi duniani. Si njaa wala deni wala mauti yenyewe. Alikuwa anaogopa kitanda. "Mimi sitalala kama mama," alikuwa akisema. "Nitakufa nimeketi kwenye cherehani."

Kwa hiyo hedhi yake ilipokoma, akiwa na miaka hamsini na moja, na kusikia kwamba hapo ndipo mifupa ya wanawake huanza kulegea, hakungoja. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali akawa anamletea kila mara chupa mbili: moja ya vidonge vyeupe vikubwa, moja ya vidonge laini vya njano vidogo kama punje ya mahindi. Kila asubuhi kabla ya chai alimeza cheupe kimoja na vya njano viwili. "Haba na haba hujaza kibaba," alikuwa akisema akimeza. Na kwa kuwa hana choyo, alitugawia na sisi. Tulijipanga na vikombe vyetu kama watoto wa chekechea.

Hospitali alikataa kwenda siku tatu. Nilimwambia asipokwenda sikati nguo yake, na mahafali aende na koti la kazi. Akaenda. Nikaenda naye.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Alimpiga picha ya mgongo, akatuita, akaiweka picha kwenye taa. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Mifupa ya uti wa mgongo imepangana kama vikopo rafuni, na vikopo vitatu vilikuwa vimebonyea mbele.

"Mama, pingili hizi tatu zimevunjika," daktari akasema.

Mama Futi aligeuka nyuma, kana kwamba kuna mama mwingine aliyeambiwa. "Zimevunjika lini? Mimi sijaanguka."

"Si lazima uanguke. Mifupa ikidhoofika, inatosha kuinua kitu kizito. Wengine hata kukohoa tu."

Nilimwona akikumbuka. Na mimi nilikumbuka. Mwaka juzi, jora la kitambaa cha sare za walinzi. Alilinyanyua peke yake kutoka sakafuni kwa sababu sisi tulikuwa tunachekacheka, akasimama ghafla akasema, "Kitu kimelia." Tukamuuliza nini, akasema mgongoni, kama biskuti. Overloki akamwambia ni uzee unabisha hodi. Tukacheka. Akameza dawa ya maumivu, akashona mpaka jioni. Miezi ile yote alikuwa akilaumu kiti. Tulimbadilishia viti vitatu! Mtu amevunjika uti wa mgongo, na sisi tunamtafutia mto wa kukalia.

"Lakini nakunywa dawa za mifupa," alimwambia daktari. "Kila siku. Miaka minane. Sijaruka hata siku moja."

"Vizuri. Dawa gani?"

"Nyeupe na njano."

Daktari alitabasamu. "Jina lake, mama? Niletee chupa zake nisome."

Sasa hapa ndipo penye aibu yetu. Kwenye karakana hakuna kitu kinachokaa kwenye chupa yake. Vifungo tunavipanga kwa rangi kwenye makopo, na vidonge navyo, vilipofika, tulivipanga vivyo hivyo: kopo la vyeupe, kopo la vya njano. Chupa tupu ni mali kwa fundi. Ya kwanza ilitiwa pini, iliyofuata bobini za uzi, nyingine mafuta ya cherehani. Tuliporudi hospitali siku ya pili, mimi na mfuko mkononi, niliweka juu ya meza ya daktari makopo mawili ya vidonge, chupa moja ya pini, na mbili zilizojaa bobini. Daktari aliniangalia, akaangalia bobini, akaniangalia tena.

Akachukua chupa ya pini, akasoma karatasi iliyobandikwa. "Hii ni vitamini D. Hii ni sawa, inausaidia mwili kutumia madini ya chokaa." Chokaa ndiyo vile vyeupe, na navyo vilikuwa sawa. Akachukua chupa ya bobini. Akasoma. Akavua miwani akaisafisha, akasoma tena. Akachukua ya tatu.

"Hizi zimeanza kutumika lini?"

"Miaka mitatu, minne," Mama Futi akajibu. "Zile za kwanza zilipokwisha. Ni zilezile."

"Si zilezile, mama. Hii ni vitamini A, na ni kali. Ulikuwa unameza ngapi?"

"Mbili. Siku za kazi nyingi, tatu."

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza taratibu, na mimi nilisikia kila neno, maana mwili mzima ulikuwa masikio. Vitamini A mwili unaihitaji, lakini kidogo, na chakula cha kawaida mara nyingi kinatosha. Ikizidi, tena miaka, inajilimbikiza mwilini na inaweza kuidhoofisha hiyo mifupa yenyewe. Hakusema vidonge ndivyo vilivyomvunja. Alisema hedhi ikikoma, homoni iliyokuwa inailinda mifupa hupungua, na mtoto wa mama aliyevunjika nyonga anapaswa kupimwa mapema. Hata vidonge sahihi, peke yao, visingetosha. "Lakini hivi vya njano havikukusaidia hata siku moja," alisema, "na huenda vimeongeza ubaya. Vilinunuliwaje?"

"Tulilinganisha," Mama Futi akasema.

"Mlilinganisha nini?"

"Rangi."

Na mimi ndiye niliyelinganisha. Mteja akipoteza kifungo, unachukua kilichobaki, unakwenda nacho dukani, unakishika mwangani hadi upate mwenzake. Hiyo ndiyo kazi yetu, na mwenye jicho kuliko wote ni mimi. Mwanawe alipoacha kuleta na vya njano vikabaki vitatu, Mama Futi alinipa kimoja kwenye kitambaa, nikaenda nacho duka la dawa. Muuzaji aliniuliza vitamini gani. Nikamjibu, "Kama hii." Akaniuliza tena jina. Nikamwambia asinipotezee muda, alete za njano nichague mwenyewe. Akaniwekea aina nne mezani. Nikazipeleka mlangoni penye mwanga nikazipima kwa jicho, moja moja, rangi, unene, mng'ao, nikachagua. Nilirudi karakana kifua mbele. Nikawaambia hata aliyezitengeneza asingezitofautisha.

"Nani alikwenda kununua?" daktari aliuliza.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Mama Futi alikuwa anamtazama daktari usoni, hakunigeukia.

"Mimi," akasema.

Nami nikaufunga mdomo. Mkasi, mwenye ulimi unaokata, nikanyamaza kimya huku mwanamke niliyemvimbia kwa ajili ya pindo akinibebea mzigo huo na mgongo wake uliovunjika.

Daktari alimwandikia dawa ya kuimarisha mifupa, akampeleka kutolewa damu ya kupimwa, akamkataza kuinua majora na kuinama kwa kiuno. Kila siku atembee, na asimeze kidonge chochote kisicho na jina. Mama Futi aliuliza swali moja tu. "Nitalala kitandani?"

"Ukifuata haya, tunajitahidi usilale," daktari akasema. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilitamani adanganye kidogo.

Tulipoingia karakana, Overloki alizima mashine na Dada Vifungo akasimama. Mama Futi hakuketi. Alivuta pumzi akasema, "Nguo ilikatwa sawa. Nilimvunjia Mkasi heshima mbele yenu, na mbele yenu namwomba radhi. Aliyepungua ni mimi."

Afadhali angenichoma na pasi. Wenzangu walinitazama kwa kunionea fahari, Dada Vifungo akanipiga bega. Sikuweza kustahimili.

"Za njano nilinunua mimi!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Muuzaji aliniuliza jina, nikamfokea. Si dada. Ni mimi." Nikawaeleza yote, vitamini A, chupa za bobini, yote. Overloki alijishika kifua. Alikuwa amevimeza naye. Tulivimeza sote.

Mama Futi alikuwa ameliinamia kopo la vya njano. Akalibeba, akamwaga vidonge vyote kwenye ndoo ya maji machafu, akalikung'uta mpaka cha mwisho.

"Unadhani sikumbuki nani nilimtuma?" akaniambia. "Nilikutuma mimi. Na ungerudi na jina badala ya rangi, ningekuuliza jina la nini." Akavua futi shingoni. "Vua viatu."

"Dada?"

"Vua viatu, mdogo wangu. Simama mlangoni."

Nilivua. Niliweka mgongo kwenye mwimo, visigino vikigusa ubao, kama nilivyowaambia watoto elfu wasimame. Alipanda juu ya kigoda kidogo ili anifikie, yeye ambaye zamani tulikuwa karibu kulingana. Nilihisi rula kichwani. Ilikaa muda mrefu. Nilimsikia Dada Vifungo akiishusha karatasi yangu kutoka msumarini, ikichakarika.

"Karatasi inasemaje?" Mama Futi akauliza.

"Sitini na tatu."

Rula ilikuwa bado kichwani pangu. Nilimwomba aseme. Alishuka kigoda polepole, akishika ukuta, akachukua kalamu ya risasi sikioni mwake, akakata namba ya zamani kwenye karatasi yangu, akaandika mpya chini yake: sitini na mbili na robo.

"Kesho saa mbili, hospitali," alisema. "Wote. Na chupa zimwagwe pini leo hii, kila kidonge kirudi kwenye jina lake."